Fomu yangu inakataa majina yenye ng', nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimetengeneza fomu ya kusajili wanafunzi wa shule moja huku Shinyanga, natumia PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) na MySQL (hifadhidata). Majina mengi yanaingia vizuri ila akija mtoto anaitwa Ng'wandu au Nyang'oro inatoka eraa ya SQL, ile lugha ya kuiamrisha hifadhidata. Nikaamua kuifuta ile alama kwa str_replace, sasa yanapita. Shida nyingine kuna wazazi kama kumi hivi namba zao za simu zimeingia zote 2147483647, nahisi nimehakiwa. Naomba msaada.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Namba hizo sio hakaa, nitakueleza, ila mlango umeuacha wazi kabisa na hiyo eraa ya Ng'wandu ndo inakuonyesha ulipo.

Bila shaka umeandika hivi: VALUES ('$jina', '$simu'), yani alichojaza mzazi unakitoa kwenye $_POST (PHP inapoweka yaliyojazwa kwenye fomu) unakichomeka hivyohivyo ndani ya amri. Sasa likija Ng'wandu, MySQL inasoma 'Ng' inakuta ritifaa, yani hiyo alama ya ', inajua jina limeishia hapo, halafu inaona wandu linaning'inia nje halieleweki ni kitu gani, inagoma na kukuandikia near 'wandu'. Mtoto wa watu hana kosa. Na kama jina la mtoto limeweza kutoka nje ya amri kwa bahati mbaya, basi mtu mwenye nia mbaya ataandika ritifaa makusudi halafu afuatishe amri yake, na seva itaisoma tu. Ndo SQL injection yenyewe hiyo.

Kwa hiyo usifute ritifaa, nakuomba. Ng' na ng ni sauti mbili tofauti, ukimwandika Ngwandu kosa litamfuata mpaka kwenye cheti, na kubadilisha jina kwenye vyeti ni kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Dawa ni kutuma amri peke yake na data peke yake:

$q = $db->prepare("INSERT INTO wanafunzi (jina, simu) VALUES (?, ?)");
$q->bind_param("ss", $jina, $simu);
$q->execute();

Hizo alama za kuuliza ni nafasi za data, "ss" inasema zote mbili ni maandishi. Hapo mzazi aandike ritifaa kumi, zitabaki kuwa jina tu, hazigeuki amri. Ukiona mafunzo yanakufundisha mysql_query yaache, hiyo iliondolewa tangu PHP 7.0 mwaka 2015.

Kwenye simu, kolamu umeiweka INT, yani aina ya namba za hesabu. Mwisho wa INT ni hiyo 2147483647, sasa mzazi aliyeanza na 255 namba yake imezidi, na MySQL yako inaonekana haijawekwa strict (hali ya kukataa data isiyofaa) ndo maana badala ya kukataa imeikata pale mwisho ikanyamaza. Walioanza na 07 nao angalia, sifuri ya mbele imepotea. Namba ya simu hatuijumlishi wala hatuitoi, iweke VARCHAR(15), yani maandishi yasiyozidi herufi 15. Za wale kumi zimeshapotea, itabidi uwaulize tena.

Kuna sehemu moja zaidi itakuumiza usipoiwahi. Kwenye ukurasa wa kuhariri, kama umeandika value='<?= $jina ?>' basi kisanduku kitaonyesha Ng peke yake, na mwalimu akibonyeza hifadhi bila kuangalia jina zima limekwenda. Pitisha kwa htmlspecialchars($jina, ENT_QUOTES, 'UTF-8') kila unapolitoa jina kwenye ukurasa, sio unapolihifadhi, ili ritifaa isomwe kama sehemu ya jina. Hiyo ENT_QUOTES usiiache, maana kabla ya PHP 8.1 bila hiyo ritifaa ilikuwa haiguswi.

Halafu simu zingine zinaandika ritifaa iliyopinda, ’ badala ya ', kwa macho ni kitu kimoja ila ukitafuta Ng'wandu humpati. Hapo str_replace yako ina kazi halali, geuza iliyopinda iwe iliyonyooka kabla ya kuhifadhi.

Majina uliyokwisha kuyafuta ritifaa usiyakisie kichwani, chukua rejista ya shule ukae na mwalimu myarudishe moja moja. Na kabla hujafungua fomu tena, jisajili mwenyewe kwa jina la Ng'wandu, lihifadhi, lihariri, litafute.