Maswali Yenu: Tairosini yenye mikia

SWALI: Assalaam aleikum. Tunawaonyesha wanafunzi tairosini, asidi amino ambayo mwili huitumia kutengeneza adrenalini na thairoksini (homoni ya tezi ya shingo), kwenye mkojo kwa kromatografia ya karatasi, yaani kutenganisha vitu kwa kiyeyushi kinachopanda kwenye karatasi. Badala ya madoa tunapata mikia mirefu ya zambarau, na pembeni alama za vidole. (Fundi wa maabara, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam. Vidole ni jasho: lina asidi amino, nayo ninihidrini, dawa inayozitia asidi amino rangi ya zambarau, haichagui. Vaeni glavu.

Mikia inaletwa na chumvi. Pitisheni mkojo uliotiwa asidi kwenye resini inayoshika ioni chanya, suuzeni kwa maji yaliyokenekwa, kisha ziondoeni asidi amino kwa amonia ya molari 2, mkaushe. Kama hamna resini, tieni mikrolita 5 tu kidogo kidogo, mkikausha kwa hewa baridi, doa lisizidi milimita 5. Mkia utapungua, hautaisha.

Tairosini ya kulinganishia haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Tieni miligramu 10 katika mililita 10 za asidi hidrokloriki ya molari 0.1, na muiweke kwenye karatasi ileile ya sampuli. Joto la chumba hubadilisha mwendo wa madoa, na usiku wa kaskazi si sawa na wa kusi. Anayetegemea Rf ya kitabuni peke yake (umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyushi) anabahatisha.

Kiyeyushi ni butanoli sehemu 12, asidi asetiki 3, maji 5. Changanyeni siku hiyohiyo, maana kikikaa, butanoli na asidi huungana kuwa esta. Kina kiwe sentimita 1, mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini, mtungi ufunikwe usiku kucha. Kisha ninihidrini, gramu 0.2 kwa mililita 100 za asetoni. Asetoni ikishakauka kabisa, oveni ya nyuzi 105 kwa dakika 5.

Wanafunzi wasidhani doa hilo linapima tezi ya shingo. Tairosini imo katika karibu kila protini tunayokula. Hata watafiti Gross na Pitt-Rivers, waliotambua T3 (homoni nyingine ya tezi hiyo) mwaka 1952, walifuata iodini nururishi kwenye karatasi.

SWALI: Nitajuaje kuwa doa si la triptofani, inayozaa melatonini? (Mwanafunzi, Lamu)

JIBU: Madoa hayo hukaribiana sana. Baada ya ninihidrini, chovya karatasi katika kitendanishi cha Ehrlich (dawa ya rangi iliyoyeyushwa katika asidi hidrokloriki) kilichochanganywa papo hapo na asetoni, sehemu 1 kwa 4, ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Rangi ya ninihidrini hufifia. Triptofani hutoka zambarau, tairosini haitoki. Doa kubwa la manjano ni urea, hasa kama hukutumia resini.