Fereti kukosa korodani si ushahidi kwamba ni dume aliyehasiwa

Mleta uzi, usilipe hata senti moja kabla hujamgeuza chali huyo fereti, mnyama mdogo mla nyama anayefugwa nyumbani, wa jamii ya kicheche. Umeandika kwamba muuzaji amekuhakikishia ni dume aliyehasiwa kwa sababu ana kichwa kipana na hana korodani, kisha ukauliza kuhusu jina, kizimba, chakula na harufu. Hayo yatasubiri. Niliambiwa maneno hayo hayo na mtu aliyejiita mfugaji mzoefu, na nadhani uzoefu wake ulikuwa wa kuhesabu fedha.

Jike naye hana korodani! Hata dume asiyehasiwa, korodani zake hunywea nje ya msimu wa kupandana. Kinachothibitisha ni tundu la mkojo. Kwa dume liko katikati ya tumbo, mahali ambapo ungedhani ni kitovu, na ukipapasa polepole kutoka hapo kuelekea nyuma utahisi kimfupa chembamba, kwa kuwa uume wa fereti una mfupa ndani yake. Kwa jike liko nyuma kabisa, chini ya mkia, karibu na njia ya haja kubwa. Ukubwa usikudanganye: dume huwa na kilo 1 hadi 2 na jike gramu 600 hadi kilo 1, lakini jike mnene na dume mwembamba hulingana.

"Dume" wangu alianza kuvimba chini ya mkia, pakawa pekundu na penye unyevu. Nilidhani ameumwa na mdudu, nikampigia simu yule bingwa, naye akaniagiza nipake mafuta. Kumbe alikuwa jike aliyeingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa. Jike wa fereti hatoi yai mpaka apandwe, kwa hiyo asipopandwa wala kuhasiwa, joto huendelea kwa wiki nyingi, na homoni ya estrojeni inayomiminika muda wote huo huharibu uboho unaotengeneza damu. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo tu, akanionyesha ufizi mweupe kama karatasi, kisha vidoa vya damu chini ya ngozi ya tumbo, nami nikaelewa kabla hajasema neno. Hakupona. Mafuta, hata hivyo, yalipakwa kwa ustadi mkubwa.

Kuhusu harufu, dume asiyehasiwa hunuka hasa siku zinapoanza kurefuka: manyoya hujaa mafuta na kuwa ya manjano, hutia mkojo kila kona na kuwakamata wenzake shingoni kwa meno. Kuhasi hupunguza sana hayo yote, ingawa harufu yake ya asili haiishi. Chakula ni nyama. Jina usilitafute bado; mimi nilikuwa nimekwisha kumwita Sultani.

Leo hii mwombe muuzaji picha ya tumbo, wala si ya uso, na akikujibu kwamba haina haja, achana naye.