Umekwenda mikokoni kutuliza moyo, umerudi umenuna

Msomaji mmoja ameandika malalamiko ambayo wengi wenu mtayatambua. Alisikia kwamba kuchora nje, mbele ya miti na maji, kunatuliza moyo. Akanunua rangi za maji na daftari, akaenda ukingoni mwa mikoko siku ya mapumziko, akarudi na karatasi iliyokunjamana, kijani kinachoumiza macho, na hasira kuliko aliyoondoka nayo nyumbani. Anauliza: ni yeye hana kipaji, au haya mambo ya utulivu ni maneno matamu ya watu wenye nafasi?

Kipaji kiweke pembeni. Ukisoma vizuri alivyoeleza, alikaa juani saa 5 asubuhi, akatumia daftari la shule ya msingi, na alitaka picha tatu kabla ya kurudi. Hapo hata malaika angenuna. Moyo hautulii wakati mkono unapigana na vifaa, na sehemu kubwa ya ushauri ninaoutoa leo ni wa vifaa na saa. Wanaotaka maneno ya kuinua roho tu watayapata kwa wengine, wako wengi na wanatoza kiingilio.

Kwamba faida ipo, ipo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa upande ambao dirisha lilitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel waliwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na vifaa vya kubandika. Baada ya dakika 45, kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilikuwa imeshuka kwa takriban robo tatu ya watu hao, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti ya maana. Shika hiyo namba 45. Anayechora dakika kumi kisha akachukua simu bado hajaanza.

Sasa saa. Anayechora mikoko bila kujua bamvua anachora kwa kubahatisha. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hufika mita 3 hadi 4. Kwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, siku hizo maji hujaa alfajiri, kati ya saa 10 na saa 11, na kufika chini kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kasi yake haiko sawa: hushuka polepole mwanzoni, hukimbia katikati, kisha hupoa tena. Basi ukikaa saa 12 na nusu asubuhi utaukuta mti umezama hadi kifuani, na ndani ya saa mbili utaona mzizi mmoja baada ya mwingine ukitoka majini.

Hiyo ndiyo zawadi, na watu wanaikosa kwa kwenda saa 5 kukuta kila kitu kimeshaanikwa. Anza na majani na shina wakati mizizi haionekani. Maji yakishuka kiganja, teremka kiganja kwenye karatasi. Bahari ndiyo inakuamulia lini uchore kipi. Hutaweza kuharakisha, na baada ya nusu saa hutataka. Kuna watu wanalipia mafunzo ya kutafakari ili wafundishwe jambo hilohilo.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, achana na mizizi. Maji hayasogei sana, uso wake hutulia, chora vivuli vya majani majini. Na siku yoyote, ukikaa ng'ambo ya mkondo uvuke kabla maji hayajageuka. Tope la mikoko halimbebi mtu anayekimbia.

Chagua mti mmoja. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi ya upinde. Mlilana, ambao mara nyingi ndio wa mbele kabisa baharini, huchomoza mizizi minene ya kupumulia. Mchu hutoa vijizizi vyembamba vilivyosimama wima kwa mamia. Muia mizizi yake hutoka topeni ikipinda na kurudi chini. Kwa anayeanza, mkoko mchanga wenye mizizi saba au minane unatosha. Mchu uuache kwanza: vile vijizizi vitakushawishi uvihesabu, na kuhesabu siko kutazama. Kwenye hifadhi ya Jozani, Unguja, na Gazi kule Kwale, kuna njia za mbao zilizojengwa juu ya tope, unakaa mkavu. Pengine popote, weka kipande cha plaiwudi chini ya miguu ya kigoda, la sivyo kitazama upande mmoja taratibu na picha yako italala nacho. Jipake dawa ya visubi kabla ya kufika, kisha osha viganja, maana mafuta ya dawa yakigusa karatasi rangi haishiki pale.

Kaa kivulini. Karatasi nyeupe juani huyapofusha macho, unapaka giza kuliko unavyodhani, na ukiifikisha picha ndani ya nyumba inaonekana kama imechorwa usiku. Kuanzia saa 4 jua letu limeshapanda mno, vivuli vimejikunja chini ya mti na hakuna umbo la kushika.

Karatasi ndiyo mahali pa kuweka fedha yako. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza iwe ya pamba tupu. Chini ya gramu 200 itabonyea mara tu maji yanapoigusa, rangi itajikusanya mabondeni, na huko ndiko hasira inakozaliwa. Ikate ukubwa wa A5, ibandike pande zote nne kwenye ubao mwembamba kwa seloteki ya karatasi. Ndogo, ndiyo. Mtu mwenye karatasi kubwa hutumia asubuhi nzima kuijaza badala ya kutazama. Brashi mbili za duara, namba 8 na namba 2. Penseli 2B. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na moja safi, nusu lita kila moja, maji baridi ya kutoka nyumbani. Maji ya bahari usiyatumie, hata kama yanaonekana yana ushairi: chumvi hubaki kwenye karatasi, hunyonya unyevu wa hewa, na picha haikauki sawasawa milele.

Rangi nne zinatosha. Soma herufi ndogo kwenye tyubu maana majina ya kibiashara hudanganya: PB29 ni buluu iliyokolea, PBr7 ni kahawia ya udongo uliochomwa, PY43 ni njano ya udongo, PY154 ni njano angavu isiyopauka haraka. Kijani cha tyubu kiache dukani. Kijani cha mikoko kina vumbi na chumvi ndani yake. Changanya PB29 na PY43, kikiwa kikali kitie PBr7 kidogo. Jani linalopigwa na jua lipe PY154 na buluu chembe. Tope na vivuli vyote hutoka kwa PB29 na PBr7: buluu ikizidi kijivu kinapoa, kahawia ikizidi kinapata joto.

Kazi yenyewe huenda hivi. Dakika kumi za kwanza usiguse penseli. Kaa kimya hadi kaa watoke mashimoni. Wao ndio watakuambia kama umetulia, kwa sababu ukitikisika tu wanarudi ndani. Dakika tano zinazofuata chora mti bila kutazama karatasi hata mara moja, jicho likitembea ukingoni mwa shina na mkono ukilifuata. Mchoro utatoka mbaya. Ni wa kutupa, kazi yake ni kuliunganisha jicho na mkono. Halafu chora kijipicha cha ukubwa wa kiberiti chenye ngazi tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Ukishindwa kukipanga katika ngazi tatu, picha kubwa nayo itakushinda.

Mizizi ndiyo huwavunja watu moyo, kwa sababu wanaichora mizizi. Chora matundu yaliyo kati yake. Kila tundu lina umbo: pembetatu, nusu duara, kitu kisicho na jina. Paka rangi nyepesi ya tope eneo lote la chini, acha ikauke kabisa, kisha ndani ya kila tundu weka rangi nzito zaidi. Mizizi itajitokeza yenyewe bila kuguswa. Rudia tena kwa matundu ya nyuma, giza zaidi, na unapata msitu wenye kina. Kwa maoni yangu hapa ndipo utulivu unapopatikana kuliko mahali pengine popote, maana akili inayolitazama tundu lisilo na jina haina nafasi ya kukumbuka kodi ya nyumba.

Matatizo mawili yatakuandama. La kwanza ni madoa yenye kingo za mikunjo kama koliflawa. Hutokea brashi ikiwa na maji mengi kuliko karatasi iliyoanza kukauka: maji hukimbilia penye unyevu mdogo na kusukuma rangi hadi ukingoni. Karatasi ikipoteza mng'ao lakini ikiguswa bado ni baridi, ondoa mkono. Subiri, au tazama kaa. La pili ni la upepo wa kusi, unaokausha rangi kabla hujafika upande wa pili, ikaacha mistari. Lowesha karatasi nyuma na mbele, ilaze juu ya plastiki badala ya kuibandika, changanya rangi mara mbili ya unayodhani inahitajika, na tia matone mawili ya gliserini kwenye maji ya kuchanganyia. Wakati wa masika usitie gliserini kabisa, kwa sababu picha itanata hadi kesho yake.

Ambaye karatasi ya pamba ni ghali kwake, atumie mkaa. Mkaa wa jikoni ni mgumu na hukwaruza, ila wa kuchorea unatengenezwa hapohapo jikoni. Chukua vijiti vilivyonyooka vya mti laini, unene wa penseli, urefu wa sentimita 10, menya maganda, vikaushe, vibane ndani ya mkebe wenye kifuniko na utoboe tundu moja la msumari. Weka juu ya jiko la makaa, nje ya nyumba. Moshi utatoka tunduni, ukikoma, ondoa. Usifungue mkebe hadi upoe kabisa, hewa ikiingia vijiti vikiwa vya moto vinashika moto na unabaki na jivu. Na mnaoniuliza kuhusu gome la mkandaa, aina nyingine ya mikoko: ndiyo, likichemshwa hutoa kahawia nyekundu nzuri, na likikutana na kutu hugeuka jeusi. Lakini kuchuna gome ni kuua mti. Huwezi kutafuta amani kwa mti uliouchuna ngozi.

Hapo tumefika kwenye roho, na ninyi mnaochora sehemu zenye heshima zake nisikilizeni. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kaya haiingiwi kwa kuwa una daftari. Omba ruhusa kwa wazee wa kaya, eleza unachotaka kuchora, jifunge kaniki ukiambiwa, usivunje hata jani. Vivyo hivyo kwa mbuyu au pango lenye vitambaa vilivyofungwa: pale kuna ombi la mtu. Vitambaa usivichore, usivisogeze ili picha ipendeze. Ukikataliwa, shukuru uondoke, miti iko mingi.

Kwa Waislamu wanaouliza kama inafaa, ipo habari mashuhuri ya mtu aliyeishi kwa kuchora picha, akamwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mafundi wa milango ya Lamu na Unguja wamechonga majani, mayungiyungi na mitende kwa karne nyingi. Kaa watazame tu, wasiingie kwenye picha. Ila aliye na huzuni isiyoondoka, asiyelala wala kula, asiniandikie mimi kuhusu brashi. Aende hospitali kwanza, mikoko itamsubiri.

Ukimaliza, baada ya saa moja au moja na nusu, acha. Picha ya pili siku hiyo ni tamaa. Usiipige picha ukiwa palepale, na usimwoneshe mtu hadi siku ifuatayo, kwa sababu sifa na kejeli zote mbili hufuta kile ulichokwenda kukitafuta.

Nyumbani, sanduku la rangi liache wazi usiku mzima. Likifungwa likiwa bichi, kwa unyevu wetu wa pwani, baada ya siku chache utakuta ukungu mweupe juu ya njano. Karatasi ambazo hujazitumia zifunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kuvu ikiingia karatasini haionekani, hadi siku utakapopaka rangi na kuona inazama kwa madoa. Karatasi hiyo haiponi. Ifanye ya kujaribia michanganyiko.