Jibu: Ruba kwenye kidole kilichounganishwa

Mkuu, umeuliza kama ni kweli daktari anaweza kumbandika ruba shemeji yako, aliyekatwa kidole na msumeno kikaunganishwa. Ni kweli, wala si uganga. Marekani waliidhinisha ruba kama kifaa cha tiba mwaka 2004.

Shida huwa kwenye vena, yaani mishipa inayotoa damu kidoleni. Ateri, mshipa unaoleta damu, imeunganishwa vizuri, damu inaingia, lakini vena ni nyembamba mno na damu haipati pa kutokea. Kidole kinavimba, kinageuka zambarau, na ukikiminya rangi inarudi upesi kupita kawaida. Hapo ruba anabandikwa, ananyonya kama nusu saa hivi, akishiba anadondoka mwenyewe. Kazi kubwa inakuja baada ya hapo: mate yake yana hirudini inayozuia damu kuganda, kwa hiyo kidonda kinaendelea kuvuja kwa saa kadhaa. Inarudiwa kwa siku kadhaa mpaka vena mpya zichipue.

Kidole kikiwa cheupe na cha baridi, ruba hasaidii kitu. Hiyo ni shida ya ateri, wauguzi waambiwe haraka.

Ulizeni pia kuhusu antibayotiki, maana tumboni mwa ruba mna bakteria wa Aeromonas, na damu ya shemeji yako ipimwe mara kwa mara isije ikapungua. Ruba wa mtoni msiguse kabisa!