Kando ya mwezi: doa, nukta au nyota?

SWALI: Nimeupiga picha mwezi mpevu kwa simu, na kando yake kumetokea kitu kidogo cha kijani ambacho kwa macho sikukiona. Chini ya picha nikaandika "Mbalamwezi na doa lake". Wenzangu wamenijia juu: mmoja anasema ni nyota, mwingine kimondo. Lipi sahihi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Nianze na "doa", maana ndilo lililokuponza. Doa hukaa juu ya kitu na kukiharibia sura: doa la mafuta kwenye kanzu, doa la wino kwenye daftari. Ukisema "doa lake", msomaji ataliweka kwenye uso wa mwezi wenyewe. Na mwezi una madoa yake kweli, yale mabaka meusi yanayoonekana bila darubini. Ni tambarare za lava iliyoganda zamani sana; katika mojawapo, Bahari ya Utulivu, ndiko Apollo 11 ilikotua mwaka 1969. Kwa hiyo "doa la mwezi" lina mwenyewe tayari. Kama ni alama ya kidole kwenye kioo cha kamera, sema doa la lenzi.

Usipojua kitu ni nini, andika "nukta". Neno hilo halilaumu, halidai lolote. Wingi wake ni nukta vilevile: nukta za kijani, si "manukta" kama ninavyosoma siku hizi.

Kimondo tukiondoe haraka. Kimondo hupita, na pichani huacha mchirizi. Satelaiti nayo huchora mstari, kamera ikiachwa wazi kwa muda. (Neno hilohilo tunalitumia kwa kinachowaka angani na kwa kilichokwisha kutua, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe. Sioni haja ya kulitafutia mwenzake.)

Nyota ndiyo yenye mjadala. Watu huiita Zuhura "nyota ya alfajiri" ingawa ni sayari, nami siwasahihishi. Katika mazungumzo ya kawaida nyota ni chochote kinachong'aa usiku kikiwa kidogo. Lakini yako si Zuhura. Mwezi ukiwa mpevu huwa upande wa anga ulio mkabala na jua, na Zuhura haiachani na jua kwa zaidi ya digrii 47 hivi, hivyo hao wawili hawakai bega kwa bega. Sayari ya Mshtarii huweza kuusogelea mwezi mpevu, ila ungeiona kwa macho, na wala si ya kijani.

Ninavyokisia, ulichokinasa ni mwanga wa mwezi ulioakisiwa ndani ya lenzi. Ifungue picha, vuta mstari kutoka kwenye mwezi ukipitia katikati ya picha. Nukta ikiwa juu ya mstari huo, upande wa pili wa katikati, kwa umbali uleule, jibu umelipata. Ukiinamisha simu kidogo nayo huhama. Ikuze pia: mara nyingi mwezi wenyewe hutoka duara jeupe lililoungua, huku ile nukta hafifu ikihifadhi umbo; siku mwezi ukiwa kipande, utaona kipande kidogo kilichopinduliwa. Basi andika "Mwezi mpevu na mwakisiko wake".

Limebaki "mbalamwezi". Huo ni mwanga unaotandaa uani hadi watoto wakacheza nje bila taa. Ukipiga picha ya ua huo, hiyo ndiyo picha ya mbalamwezi. Duara lenyewe ni mwezi mpevu.

Umeandika "nimeupiga picha mwezi", na hapo sina la kuongeza. Wengi wangesema "nimepiga picha ya mwezi", nayo ni sahihi, mpaka uipeleke kwenye mashindano: "picha bora ya mwezi" waamuzi wanaweza kuisoma kuwa ni ya Januari au ya Februari.