Je, ninunue Pixel 6a iliyotumika kwa Sh18,000?

SWALI

Habari Fundi. Mimi huuza viatu vya mitumba hapa Kibuye, Kisumu. Wateja wangu wengi wako Kakamega, Busia na Siaya. Navipiga viatu picha, nawatumia kwa WhatsApp, wanalipa kwa M-Pesa, kisha natuma mzigo kwa matatu. Simu yangu imechoka. Kuna duka Oginga Odinga Street wananiuzia Google Pixel 6a, ex-UK (yaani imetumika kwanza Uingereza), kwa Sh18,000, na wanasema ni safi kama mpya. Nimesoma maoni ya watu walio nayo mpaka nimechanganyikiwa. Wengine wanaapa hawajapata kamera nzuri kama hiyo. Wengine wanasema chaji haifiki saa nane mchana. Wengine wanasema imewahi kuungua. Shemeji yangu aliye Uingereza anayo tangu 2022 na anasema haina shida yoyote. Niamini nani? Nina laini mbili, Safaricom na Airtel, na zote nazihitaji.

Mama wa viatu, Kibuye

JIBU

Mama, kwa kazi hiyo uliyoieleza, usiinunue. Nitakueleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa hata ukiiacha hii, kesho utaonyeshwa nyingine yenye maoni yanayogongana vivyo hivyo.

Hao wote uliowasoma naamini wanasema kweli. Anayesifu kamera anasema kweli, anayelilia betri anasema kweli, na shemeji yako pia. Wanachotofautiana ni wakati walioandika na mahali wanapoitumia simu. Kwa hiyo kabla hujapima mtu amesema nini, tazama amesema lini, yuko nchi gani, yuko mtandao gani, na kama siku yake inafanana na yako. Kwa Pixel 6a, tarehe ndiyo yenye uzito kuliko vyote.

Simu hii ilianza kuuzwa Julai 2022. Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Julai 2025, Google ilianza kusambaza sasisho (update) la lazima la programu kwa Pixel 6a, baada ya kukiri kwamba baadhi yake zina betri zinazoweza kupata joto kupita kiasi. Kwa simu zinazohusika, betri ikishafikisha mizunguko 400 ya chaji, sasisho hilo hupunguza kiasi cha umeme ambacho betri inaruhusiwa kubeba, na kasi ya kuchaji nayo hushuka. Betri iliyotoka kiwandani ikiwa na 4,410 mAh haitumiki tena yote. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyekuwa akimaliza siku nzima bila wasiwasi alijikuta anatafuta chaja mchana. Simu yake haikuanguka wala haikuingia maji. Imewekewa mpaka makusudi ili isimdhuru.

Mzunguko mmoja ni asilimia 100 iliyotumika kwa jumla. Ukitumia 50 leo ukachaji, ukatumia 50 kesho ukachaji, huo ni mmoja. Mtu anayemaliza chaji moja kwa siku anafikisha 400 ndani ya mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi. Sasa fikiria simu iliyonunuliwa Uingereza 2022 au 2023, ikatumika huko, ikauzwa, ikapanda ndege hadi Nairobi, ikafika Kisumu. Sioni itakuwaje iwe haijavuka 400. Maana yake ni kwamba maoni yote yaliyoandikwa kabla ya Julai 2025, hata yale marefu na ya kina, yanaeleza maisha ya betri ambayo wewe huenda usiyaone. Yasome kwa ajili ya kamera, skrini na uimara wa mwili. Kuhusu betri, yaruke.

Kuna hatari moja ambayo wanunuzi wengi hawaioni, na ndiyo inayonifanya niandike kwa uzito. Muuzaji anaweza kukuonyesha 6a ambayo chaji yake inadumu vizuri sana. Utafurahi. Lakini 6a ya zamani yenye chaji nzuri hivyo inaweza kuwa ile ambayo haijapokea sasisho. Yaani betri imezeeka, iko katika kundi linaloshukiwa, na bado inajazwa hadi kiwango kilekile cha kiwandani. Nimesikia watu wakishauriana wazime masasisho ili wasipoteze chaji. Tafadhali usifuate ushauri huo. Betri ya lithiamu inapojazwa hadi juu kabisa ndipo inapokuwa na msukosuko mkubwa zaidi ndani yake, na umri pamoja na joto huongeza hatari. Wewe unakaa chini ya mabati ya Kibuye, saa saba mchana, katika mji ambao joto lake hukaribia au kupita nyuzi 30 siku nyingi za mwaka. Watengenezaji wengi wa simu hutaja nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la mazingira ambamo simu itumike. Simu iliyo juu ya meza ya viatu penye jua inapita hapo bila shida. Na usiku, kama wengi wetu, pengine unaichaji karibu na kitanda.

Shemeji yako naye tumpe haki yake. Uingereza ni miongoni mwa nchi ambazo Google iliweka mpango wa kuwafidia wenye 6a zinazohusika: kubadilishiwa betri bure, au kupokea pesa, au kupata punguzo la kununua Pixel nyingine. Kama aliwekewa betri mpya kwa mpango huo, ana simu salama yenye chaji kamili, na anasema kweli kwamba haina shida. Wewe huna mlango huo. Google haiuzi Pixel rasmi Kenya, na Kenya haikuwamo katika nchi zilizobadilishiwa betri. Muuzaji akikwambia ile anayokuuzia ilishabadilishwa betri huko Uingereza, mwombe karatasi ya kazi hiyo yenye IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, inayolingana na ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Neno la mdomo tu halitoshi kwa jambo la betri.

“Si nitaweka betri nyingine hapa Kisumu?” Unaweza. Mikono ya kuifungua ipo, hilo sina shaka nalo. Shaka yangu iko kwenye betri yenyewe. Vipuri halisi vya Pixel vinauzwa kupitia iFixit, duka la mtandaoni la vipuri, kwa Marekani, Uingereza na nchi nyingine kadhaa. Betri nyingi zinazofika kwetu hazina asili inayojulikana. Katika simu ambayo kosa lake ni joto la betri, mimi singeweka betri nisiyojua ilikotoka. Tena ukishaifungua, ile kinga ya maji ya IP67 usiitegemee.

Sasa mtandao, jambo ambalo mwenye simu wa Uingereza hatakutajia kwa sababu kwake halipo. Pixel huruhusu 5G na simu za sauti kupitia 4G, ile VoLTE, kwa mitandao ambayo Google imeikubali. Nchi ambako haiuzi simu zake mara nyingi hubaki nje. Wakenya wenye Pixel wamelalamika sana kuhusu hili: mtu akikupigia, simu inashuka kutoka 4G hadi 3G, na mahali penye 3G dhaifu inashuka zaidi mpaka data inasimama hadi mwisho wa maongezi. Kwa mtu anayepiga simu mara moja moja, si kitu. Kwako wewe, unaongea na mteja wa Busia kuhusu saizi ya kiatu huku picha zikijaribu kwenda kwa mteja wa Siaya. Wapo wanaotumia njia za ujanja za kuilazimisha, lakini njia hizo hutegemea kwamba sasisho lijalo halitazifunga, na biashara haiendeshwi hivyo.

Ukitaka kuona kwa macho yako, weka laini yako dukani, piga simu, na ukiwa unaongea tazama alama ya mtandao juu. Ikibaki 4G, vizuri. Ikigeuka 3G, H au E, basi umeshajua.

Kuhusu laini mbili: 6a ina nafasi moja ya laini ya plastiki, ya pili ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu kwa programu. Inawezekana, kwa kubadilisha mojawapo iwe eSIM. Ningekushauri ile ya M-Pesa ibaki ya plastiki, ili siku simu ikizima uichomoe uiweke hata kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, wateja waendelee kulipa na wewe uone ujumbe. Kadi ya kumbukumbu haiingii kabisa. Zile GB 128 ndizo hizo, nawe unapiga picha kutwa.

Nisiinyime sifa yake. Kamera ya Pixel 6a ni nzuri kweli, hasa mwanga ukiwa mdogo, na rangi ya ngozi za watu weusi Google waliishughulikia kwa bidii. Ungekuwa mpiga picha za harusi mwenye simu nyingine ya kazi, tungezungumza tofauti. Lakini viatu vyako unavipiga mchana, na WhatsApp inazibana picha kabla ya kuzituma. Tofauti kati ya kamera bora na kamera nzuri inapungua sana ikifika kwa mteja wa Kakamega. Unachohitaji zaidi ni simu inayowaka mpaka saa kumi na mbili jioni.

Huenda muuzaji akakugeuzia Pixel 7a akisema hiyo haina maneno. Hiyo nayo, Aprili 2025, Google ilifungua mpango wa kubadilisha betri bure katika baadhi ya nchi kwa sababu baadhi ya simu hizo betri zilikuwa zikifura. Na Pixel 4a iliwekewa mpaka wa betri Januari mwaka huohuo. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, au skrini imeachana na fremu hata kwa unene wa ukucha, irudishe mezani polepole, usiibonyeze.

Kwa pesa hizo ningetafuta simu mpya, yenye risiti na waranti ya hapa Kenya. Samsung Galaxy A16 ni mfano mmoja wa kuulizia: betri ya 5,000 mAh, inakaa laini mbili, na Samsung wameahidi masasisho ya usalama ya miaka 6, wakati ya Pixel 6a yanaisha Julai 2027. Ukweli wake pia nikwambie: haina kamera inayotulia yenyewe mkono ukitetemeka, kwa hiyo jioni picha zitakuwa na ukungu. Sogeza kiatu kwenye mwanga wa mlangoni na ushike simu kwa mikono miwili. Ina uzito na upana kuliko 6a. Ishike kwanza dukani uone kama vidole vinafika. Kama bei yake imepita mfuko wako, simu mpya ya bei ya chini kidogo kutoka kampuni yenye kituo cha matengenezo mjini itakufaa kuliko hiyo ex-UK.

Ikiwa moyo umeshaangukia 6a na hausikii, basi angalau fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Mwambie muuzaji aifute yote kupitia mipangilio mbele yako, kisha uianzishe wewe kwa akaunti yako ya Google. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, ondoka. Weka laini zako. Ikidai msimbo wa kufungua mtandao, fahamu kwamba Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa mtandao tangu Desemba 2021, kabla 6a haijatoka, kwa hiyo hiyo “ex-UK” yake ina mashaka na pengine imetoka Marekani au kwingine. Ingia kwenye maelezo ya simu utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni kabla ya Julai 2025, isasishwe hadi mwisho ndipo uipime chaji. Google pia waliweka ukurasa wa msaada wa mpango wa betri ya 6a ambako unaingiza IMEI kujua kama simu hiyo ni miongoni mwa zinazohusika. Kisha jaribu alama ya kidole mara kadhaa ukiwa na mkono wenye vumbi kidogo, kwa sababu kisomaji chake chini ya skrini kimelalamikiwa tangu mwanzo.

Chaji haipimwi kwa dakika kumi dukani. Waambie waandike kwenye risiti kwamba una siku kadhaa za kuirudisha ukapewa pesa zako, si kubadilishiwa simu nyingine. Itumie siku moja kamili ya soko, Jumapili ikiwezekana maana ndiyo Kibuye hujaa, data ikiwa wazi na simu zikiingia. Duka likikataa kuandika maneno hayo, usilipe.