Zipu ya hema na vumbi: mswaki kwanza, mafuta hapana
Usipake mafuta ya kula wala grisi kwenye zipu ya hema, kaka, hata ikikwama. Itateleza siku mbili, halafu vumbi linanasa kwenye yale mafuta na kuwa kama msasa unaokula kwa ndani kichwa cha zipu, kile unachokivuta kufunga na kufungua. Mara nyingi meno ni mazima. Kinachochoka ni kile kichwa, kinatanuka, ndiyo maana unafunga na nyuma yake inaachia.

Nimepigia wageni mahema hifadhi ya Ruaha kiangazi baada ya kiangazi, na vumbi la Tungamalenga, kijiji cha karibu na hifadhi, ni laini kama unga wa sembe. Kila asubuhi kabla ya kukunja hema nasugua meno kwa mswaki mkavu, ndani na nje, na zaidi pale chini kwenye kona, ndiko mchanga unakojificha. Tukirudi Iringa mjini naosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, naanika mpaka ikauke kabisa, kisha napitisha mshumaa mweupe juu ya meno na kufungua na kufunga mara kadhaa. Nta iliyorundikana naifuta.

Kama tayari inaachia, bana kichwa kwa plaizi kidogo sana, upande mmoja kisha wa pili, huku ukijaribu. Ukikaza mno kinapasuka, na hapo ni fundi cherehani akubadilishie. Na usilazimishe zipu hema likiwa limevutwa sana. Legeza kamba kwanza.